Mwenye nguvu na apishe

Mpendwa msomaji, wahenga wetu walituachia methali fupi: mwenye nguvu mpishe. Walisema hivyo kwa uzoefu. Lori likitokea nyuma, mwenye pikipiki anasogea pembeni. Pikipiki ikipiga honi, mwenye baiskeli anaingia majanini. Baiskeli ikipiga kengele, mama mwenye ndoo kichwani anarukia mtaroni. Hiyo ndiyo sheria ya barabara zetu. Haikuandikwa mahali popote, lakini mtoto anaijua kabla hajaanza shule.

Jumapili hii nakualika tusafiri kwa mawazo hadi mahali ambapo sheria iliyoandikwa inasema kinyume chake. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kuhusu matumizi ya maeneo ya vijijini. Kifungu cha 30 cha sheria hiyo kiliwaruhusu waendesha baiskeli kutumia njia ambazo hadi wakati huo zilikuwa za watembea kwa miguu na wapanda farasi. Ruhusa ilikuja na sharti, na sharti likawekwa papo hapo, ndani ya kifungu kilekile: mwenye baiskeli atampisha anayetembea kwa miguu, na atampisha aliye juu ya farasi.

Wakati huo baiskeli za milimani tunazoziona leo zilikuwa bado. Zilianza kutengenezwa huko California, Marekani, katika miaka ya 1970. Leo zina breki kali, gia nyingi na springi za kumeza mitikisiko, na mwendeshaji hodari anashuka nazo mlima wa mawe kwa kasi ya kutisha. Mashine imebadilika sana, lakini sharti la mwaka 1968 liko palepale. Kadiri ulivyo na kasi, ndivyo wajibu wa kupisha unavyokuwa wako.

Njia inayorudi ilikoanzia

Twende tukaione njia moja ya namna hiyo. Iko katika hifadhi ya taifa ya Peak District, kati ya majiji ya Manchester na Sheffield. Ni njia ya mzunguko: unaanzia kijiji cha Edale, unapanda, unashuka, unapanda tena, na jioni unajikuta Edale. Ni kati ya kilomita 20 na 30, kazi ya nusu siku kwa mwenye mazoezi. Naomba ukumbuke neno hilo, mzunguko. Tutalihitaji mbele.

Edale ni kijiji kidogo katika bonde la mto Noe. Kina kituo cha treni, kwa hiyo siku za mapumziko watu wa majiji hayo mawili hushuka hapo na mabegi yao, viatu vya matope na baiskeli. Bonde limezungukwa na nyanda za juu zisizo na miti, zenye upepo na mvua nyingi, zilizofunikwa na nyasi ngumu na vichaka vifupi ambavyo mwezi Agosti huchanua maua ya zambarau. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, akapita Mandara kuelekea Horombo, ameona nchi inayofanana nayo: msitu unaisha, vichaka vya magotini vinaanza, na ukungu unaingia bila hodi. Sehemu ya juu kabisa ya nyanda hizi za Uingereza, Kinder Scout, ina mita 636 tu. Mtu wa Moshi anaweza kucheka. Lakini apewe baiskeli kwanza, kisha tuone kama kicheko kitafika juu.

Mwinuko wa kwanza unaitwa Chapel Gate. Kwa lugha ya kale ya sehemu hizo, maana yake ni njia ya kanisani. Inaelekea upande wa Chapel-en-le-Frith, mji uliokua kuzunguka kikanisa kilichojengwa mwaka 1225 na walinzi wa msitu wa mfalme. Kwa miaka mingi njia hii ilipitwa pia na pikipiki na magari ya burudani. Yalichimba mifereji, mvua ikaijaza, na mwenye miguu akakosa pa kukanyaga. Mwishowe mamlaka ya hifadhi ikayazuia magari na pikipiki hizo kupita. Mwenye nguvu alipokataa kupisha, alinyimwa njia.

Ukifika juu, tazama chini ya tairi lako. Udongo wa huko ni mweusi kama masizi na umeshiba maji kama sifongo. Ni mabaki ya mimea ambayo haikuoza ikaisha, kwa sababu ya maji na baridi, bali ililundikana tabaka juu ya tabaka. Hukua kwa kiasi cha milimita 1 hivi kwa mwaka. Maana yake kina cha mita 1 ni kazi ya miaka 1,000. Tairi linalotoka nje ya njia linakata kwa sekunde chache kitu ambacho kilikuwa kinajengeka wakati mababu wa mababu zetu wanazaliwa na kuzikwa. Ndiyo maana waendeshaji wenye adabu, wakikuta dimbwi katikati ya njia, hupita humohumo wakalowa, kuliko kulikwepa na kuipanua njia. Kuna kupisha watu, na kuna kupisha kazi ya Mungu iliyo chini ya miguu yetu.

Kutoka hapo njia inakatiza kijibonde cha Roych, panda shuka, kisha inateremka hadi Hayfield, kijiji kilicho katika bonde la mto Sett. Hapa pana habari ambayo kila anayepita anapaswa kuijua. Jumapili ya tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana wafanyakazi, wengi wao kutoka Manchester, walikusanyika Hayfield wakapanda Kinder Scout bila ruhusa. Nyanda hizo zilikuwa mikononi mwa matajiri waliozihifadhi kwa ajili ya kuwinda ndege, na walinzi wao waliwafukuza watu wa kawaida waliotaka kupunga upepo baada ya wiki nzima ya moshi wa viwandani. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Alifika Hayfield kwa baiskeli. Kulitokea purukushani na walinzi, na vijana 5 wakafungwa jela, kila mmoja kwa muda wa kati ya miezi 2 na 6.

Methali yetu ilitimia: mwenye nguvu alipishwa, na asiyempisha akalala gerezani. Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha hifadhi za taifa na kuwafungulia watu njia za mashambani, na mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa Uingereza. Kwa hiyo anayeendesha baiskeli pale leo anakula matunda ya watu waliotembea kwa miguu na kufungwa kwa sababu hiyo. Akiwapita watembeaji na kuwarushia matope, anawarushia wajukuu wa waliomfungulia njia.

Gharama ya kusimama

Kutoka Hayfield unapanda tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Umeshaweka gia nyepesi kuliko zote na bado miguu inalalamika. Hapa ndipo utakapojua kwamba kupisha kuna gharama. Ukiwa kwenye mwinuko, ile kasi ndogo uliyo nayo ndiyo inayokushikilia juu ya baiskeli. Akitokea mzee na fimbo yake mahali njia ilipobana, unatakiwa kusimama. Ukisimama, mguu unagusa chini, gurudumu linataka kurudi nyuma, na kuanza upya juu ya mawe ni shida. Mara nyingi utasukuma hadi upate pa tambarare. Sheria haikusema upishe pale ambapo hutapoteza kitu. Ilisema upishe.

Tena njiani kuna mageti, maana huko ni malisho ya kondoo. Adabu ni kwamba aliyetangulia hufungua geti na kulishikilia mpaka wenzake wote wapite, kisha hulifunga kondoo wasitoke. Tazama kinachotokea. Mwenye pumzi kuliko wote anafika getini wa kwanza, anageuka bawabu, na anaondoka hapo wa mwisho. Anakimbia tena, anafika geti linalofuata wa kwanza, anageuka bawabu tena. Nguvu zake hazikupotea. Zimewafungulia wengine.

Mahali pa juu kabisa pa njia, zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, umesimama msalaba wa jiwe uitwao Edale Cross. Uliwekwa katika zama za kati kuwa alama ya mpaka ndani ya msitu wa mfalme. Watawala wale wamekwisha kupita na msitu wao wa kuwindia umekwisha. Msalaba upo, na makundi ya waendeshaji husubiriana hapo, waliofika mapema wakiwangoja wanaosukuma baiskeli. Jiwe lililowekwa kutenganisha maeneo ya mfalme limekuwa mahali ambapo wenye pumzi wanawangoja wasio na pumzi. Kwa macho ya padre, hayo ni matumizi mazuri ya msalaba.

Baada ya msalaba ni kushuka, na mteremko huo unaitwa Jacob's Ladder, yaani Ngazi ya Yakobo. Yakobo huyu si yule wa Biblia. Ni Jacob Marshall, mkulima wa karne ya 18 aliyekuwa na shamba huko juu, ambaye inasimuliwa kwamba ndiye aliyechonga ngazi katika mteremko ule. Zamani hizo bidhaa zilivuka milima hii migongoni mwa farasi wadogo. Farasi mwenye mzigo hawezi kupanda wima. Hupanda kwa kuzunguka, kushoto kisha kulia. Jacob alimwacha farasi apite njia ya kuzunguka, yeye akapanda moja kwa moja kwa ngazi zake. Bila shaka alitangulia kufika. Lakini akishafika juu, angefanya nini? Ilimbidi amsubiri farasi, maana mzigo ulikuwa kwa farasi.

Njia zote mbili zipo hadi leo. Ngazi ni za watembeaji, na ni sehemu ya njia maarufu ya miguu ya Pennine Way, iliyofunguliwa mwaka 1965, ambayo huanzia Edale na kwenda zaidi ya kilomita 400 hadi Scotland. Njia ya farasi ndiyo ya baiskeli. Chini kabisa zinakutana kwenye daraja jembamba la mawe lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo.

Wewe sasa unatoka juu, umebebwa na mteremko, hata pedali hukanyagi. Anayekuja kutoka chini anahema, begi mgongoni, macho yako kwenye mawe. Utasema kasi hiyo umeilipia kwa jasho upande wa pili wa mlima. Ni kweli. Ndiyo maana huna kisingizio: nusu saa iliyopita ulikuwa katika hali yake, unajua inavyokuwa. Kamata breki.

Yakobo mwingine

Ndugu msomaji, Yakobo wa Biblia naye alikwenda njia ya mzunguko. Ukipata nafasi leo mchana, fungua kitabu cha Mwanzo, usome kuanzia sura ya 25 hadi ya 35. Ni mtu aliyezaliwa akiwa ameshika kisigino cha pacha wake, kana kwamba hata tumboni alitaka kumpita. Alipokua alimpita kweli. Alinunua haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, kaka yake alipokuwa na njaa. Akachukua baraka ya baba yao kwa kujifanya ndiye kaka. Halafu akakimbia. Usiku, njiani, aliota ndoto ya ngazi iliyofika mbinguni, na mahali hapo akapaita Betheli.

Alikaa ugenini miaka 20. Akapata wake, watoto na mifugo mingi. Kisha safari ya kurudi ikaanza, akavuka nchi ya milima ya Gileadi, akashuka hadi bonde la mto Yaboki. Hapo, usiku, akashindana mweleka na yule aliyembariki, na kulipokucha alikuwa anachechemea. Mbele yake alikuwa nani? Esau, na watu 400. Milima haikutani, binadamu hukutana. Njia ya mzunguko ilimrudisha kwa yule aliyempita.

Tunajua Esau alifanya nini. Alimkimbilia, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Lakini tunasahau kinachofuata katika sura ya 33. Esau anapendekeza waondoke pamoja. Yakobo anamjibu kwamba watoto ni wadogo na mifugo inanyonyesha, na wakiswagwa kwa nguvu hata siku moja tu, wanyama watakufa. Anamwomba kaka yake atangulie. Yeye atakwenda taratibu, kwa mwendo wa mifugo na wa watoto.

Msomaji makini ataniambia kwamba Yakobo hakumfuata Esau hadi Seiri kama alivyoahidi, alikwenda zake Sukothi, na kwamba maneno yale huenda yalikuwa na ule ujanja wake wa zamani. Sibishani naye. Hata hivyo sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli. Watoto walikuwa wadogo. Mtu aliyeishi kwa kuwapita wengine sasa anachechemea, na anapima safari yake kwa miguu ya mtoto mchanga kuliko wote. Na mmoja wa watoto wale aliitwa Yuda. Katika ukoo wake alizaliwa Bwana wetu. Ahadi yote ya Mungu kwa Ibrahimu ilikuwa inatembea kwa miguu ile midogo. Kama kwa yule farasi wa Jacob Marshall, mzigo ulikuwa kwa wanaokwenda polepole.

Tunapokutana makaburini

Sasa tuje nyumbani. Katika miaka yangu ya upadre nimesimama kwenye makaburi mengi, na nimeiona njia ya mzunguko ikiishia hapo. Msafara wa magari unafika kutoka mjini. Katika gari la mbele yuko mtoto aliyesoma. Alisomeshwa kwa ng'ombe aliyeuzwa, na kwa mdogo wake aliyeachishwa shule ili ada itoshe. Alitangulia, na ni halali yake, alikuwa na akili na Mungu alimfungulia. Yule mdogo alibaki na mama. Ndiye aliyemwogesha, aliyempakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, aliyeamka usiku mama alipoita. Lakini saa ya kupanga mazishi, aliyekuja na gari ndiye anayekaa na wazee na kuamua kila kitu. Aliyebaki na mama anaulizwa kama viti vimetosha.

Umekutana naye, yule uliyempita. Kati yenu kuna jeneza, na hakuna padre anayeweza kukuhubiria kitu ambacho macho ya mdogo wako hayajakwisha kukuambia.

Kumpisha hapo ni kumwachia yeye aseme mama alitaka azikwe wapi. Ni kutaja katika wasifu wa marehemu, mbele ya watu wote, nani alikuwa anamwogesha. Lakini kwa nini tusubiri jeneza? Mama angali hai. Mpigie mdogo wako leo, si kumuuliza hali ya mama, bali hali yake yeye. Mwanawe anasoma wapi, na ada inatoka wapi? Wewe ulifunguliwa geti na mtu aliyelishikilia mpaka ukapita, naye akabaki nyuma. Sasa ni zamu yako ya kulishika.

Tutazame pia jumuiya zetu ndogondogo. Kuna mahali ambapo kila wiki husomwa majina ya waliotoa mchango na kiasi walichotoa. Mjane asiye na kitu anasikia kimya mahali ambapo jina lake lingesomwa. Wiki ya kwanza anainama. Wiki ya tatu haji. Baada ya miezi miwili tunasema imani yake imepoa. Hakuna aliyemfukuza. Tulimpita tu, kwa kasi yetu ya ujenzi na harambee, na hakuna aliyegeuka kutazama nyuma. Kanisa likishakamilika, siku ya kutabaruku, nani ataulizwa yuko wapi?

Katika ndoa nako kuna kupitana. Mmoja amesoma akiwa ndani ya ndoa, amepandishwa cheo, amejifunza kusema mbele za watu. Mwenzake alikuwa anapika, analea, anangoja. Ghafla maneno ya mwenzake yanamchosha, anaona aibu kuongozana naye kwenye sherehe. Lakini wote wawili wanaelekea uzeeni, na huko hakuna cheo. Yule uliyemwacha nyuma ndiye atakayekushika mkono kwenda msalani.

Na barabarani, jamani. Vijana wangu wa bodaboda, na ninyi wenye magari, mistari myeupe iliyochorwa mbele ya shule ina maana ileile ya kifungu cha 30. Mwenye magurudumu asimame, mwenye miguu apite. Niliwahi kufanya kazi na katekista mzee aliyekuwa na baiskeli pekee katika kigango chake. Akikutana na mama mwenye mzigo wa kuni kwenye njia nyembamba, alishuka yeye, akaingia majanini na baiskeli yake, hata kama amevaa suruali ya Jumapili. Alisema baiskeli ina breki, lakini kuni zilizo kichwani hazina. Hakusoma sheria ya Uingereza. Alisoma Injili.

Je, kwenda kasi ni dhambi?

Mtu ataniuliza: Padre, kwani kwenda kasi ni dhambi? Hapana. Sheria ya mwaka 1968 haikumwambia mwenye baiskeli aiuze akanunue fimbo ya kutembelea. Ilimpa haki na wajibu katika kifungu kimoja, na huwezi kuchukua nusu yake. Yakobo hakutakiwa kugawa mifugo yake yote ili kuwa mtu mwema. Mtoto aliyesoma hatakiwi kusahau alichosoma. Talanta ni ya kuzalishwa. Swali ni moja tu: kasi yako inamfungulia nani geti?

Naye anayepishwa ana wajibu wake. Asitumie udhaifu wake kuziba njia. Huko milimani anayepishwa hupita, hushukuru, na mara nyingi husema kuna wengine wangapi nyuma yake. Neno dogo kama hilo huondoa chuki kati ya wenye magurudumu na wenye miguu. Katika familia zetu neno asante limekuwa adimu kwa pande zote mbili.

Mfano wetu mkuu ni Bwana mwenyewe. Mwinjili Luka, katika sura ya 24, anatusimulia juu ya wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau, wamekata tamaa, wanatembea kama watu waliofiwa. Yesu alikuwa ametoka kaburini. Aliyeshinda mauti angeweza kuwapita na kuwaacha na huzuni yao. Badala yake alishika mwendo wao. Akawauliza wanazungumza nini. Akawaacha waseme hadi mwisho, ingawa habari waliyokuwa wanamsimulia ilikuwa yake mwenyewe. Alipoumega mkate wakamtambua, na saa ileile wakaondoka kurudi Yerusalemu. Safari yao nayo ikawa mzunguko: walirudi kwa wale waliowaacha, wakiwa na habari njema mkononi.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, nakuachia kazi moja ya wiki hii. Kaa mahali pa utulivu, taja kwa jina mtu mmoja uliyempita katika maisha. Anaweza kuwa ndugu, rafiki wa shule, jirani wa zamani, au mwenzi wa ndoa unayeishi naye nyumba moja. Mwombee kwa jina hilo. Kisha, kabla ya Jumapili ijayo, simama umsubiri. Nenda kwake, ukae, umsikilize kwa mwendo wake, bila kutazama saa. Utapoteza kitu kidogo, kama anayesimama mlimani. Lakini usisahau kwamba njia hii ni ya mzunguko, na mzigo wako huenda uko kwake.

Nawatakia Jumapili njema na amani ya Kristo.